Scrooge yupi mkesha wa Krismasi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwezi huu nyumbani tunasoma "A Christmas Carol" ya Charles Dickens, kurasa chache kila jioni. Mimi nasoma na kuwafasiria watoto, wa miaka 8 na 13, pamoja na mama mkwe wangu ambaye Kiingereza hakipandi. Tarehe 24 Desemba nataka tumalizie na filamu yake. Mume wangu kang'ang'ania ya 1951, nyeusi na nyeupe. Watoto wanataka ya Muppets. Mimi nilijaribu ya Jim Carrey nikaizima, ilinitisha. Ipi iko karibu zaidi na kitabu? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: humo ndani hakuna aliyekosea. Wewe uliyeizima ya Carrey ulikuwa na sababu, mumeo ana sababu, na watoto, pengine bila kujua, wameshika jambo ambalo wajuzi wengi wa filamu hulipita tu. Kinachotusumbua ni hayo maneno "karibu na kitabu".

Chukua hiyo uliyoizima. Robert Zemeckis aliitoa 2009, na ukiifuata huku kidole kiko kwenye kitabu utashangaa ni sentensi ngapi za Dickens zimebaki kama alivyoziandika. Carrey ni Scrooge, yule mzee bahili anayejiwa na mizuka mkesha wa Krismasi mpaka abadilike, tena ndiye mizuka wote watatu wa Krismasi. Gary Oldman ni karani wake Bob Cratchit, ni Marley, mshirika wake aliyekufa, ni hata Tim, mtoto mdogo wa Bob. Kompyuta imenasa mwendo wa miili yao ikawavika sura nyingine, na hapo ndipo inapoharibika, maana macho yanakutazama lakini ndani hamna mtu. Halafu, kana kwamba hadithi yenyewe haitoshi, Scrooge anasinyaa mpaka anakuwa kama panya na kukimbizwa na farasi mitaani. Hilo kitabuni halimo. Dickens humtisha msomaji kwa kumnong'oneza sikioni. Filamu hii inamkaba shati.

Kwa hiyo maneno yanaweza kuwepo yote na kitabu kisiwepo. Mimi napima kwa mambo mawili. La kwanza, nani anasimulia? La pili, wale watoto wawili wa chini ya joho wamo?

Nianze na msimulizi. Kitabu kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na sentensi yake ya kwanza ni ya mtu anayekusemesha: Marley alikuwa amekufa, tuanzie hapo. Hajafika mbali anakatiza hadithi yake mwenyewe ili abishane juu ya msumari. Waingereza husema mtu amekufa kama msumari wa mlango, naye anauliza kwa nini wa mlango, wakati msumari wa jeneza ndio ungestahili sifa hiyo. Huyo ni mtu wa barazani kabisa. Anachepuka, anarudi, anatania, na kuna mahali anakwambia kwamba kwa roho amesimama hapo hapo kwenye kiwiko chako. Sura za kitabu aliziita beti, kama za wimbo, nazo ni tano. Kuanzia 1853 Dickens alikuwa akipanda jukwaani kuisoma hadithi hii mbele ya watu, akibadili sauti kwa kila mhusika, na hakuacha mpaka Machi 1870, miezi mitatu kabla ya kifo chake. Ni hadithi ya sikio. Wewe unayeisoma jioni huku ukimfasiria mama mkwe na kukatizwa na maswali ya mdogo, umekalia kiti chake hasa.

Sasa kitu cha kwanza ambacho watengenezaji wengi wa filamu hufanya ni kumfukuza huyo mzee wa baraza. Wanabaki na theluji, minyororo na kaburi, na kila kitu kinakuwa kizito kuliko kilivyo. Ya Muppets, ya mwaka 1992, ilimrudisha. Gonzo, yule kikaragosi wa bluu mwenye pua iliyopinda, anatutangazia kwamba yeye ndiye Charles Dickens, na Rizzo, panya mwenzake, haamini hata kidogo. Kuanzia hapo Gonzo anasimulia, mara nyingi kwa maneno ya kitabuni kabisa, na Rizzo anauliza yale yale atakayouliza mtoto wako wa miaka 8. Mbinu hiyo sisi hatuhitaji kufundishwa. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anamjua DJ anayetafsiri filamu: picha ni ya Hong Kong, lakini hadithi ni yake, anatia chumvi, anawapa wahusika majina, anamcheka jambazi kabla hajapigwa. Watu walitoa hela kumsikiliza yeye. Gonzo ni DJ wa aina hiyo, na Dickens jukwaani naye alikuwa vivyo hivyo.

Katikati ya vikaragosi hao yuko Michael Caine, na hapa mkurugenzi, Brian Henson, alipata bahati kubwa. Filamu hii ilikuwa yake ya kwanza ya sinema, baba yake Jim, aliyewabuni Muppets, akiwa amefariki 1990. Caine aliweka sharti moja: ataigiza kana kwamba yuko na Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la tamthilia la Uingereza, bila kukonyeza jicho hata mara moja. Na kweli. Anapomkaripia Kermit aliye Bob Cratchit, anamkaripia karani wa mshahara mdogo, hamkaripii chura wa kitambaa. Ndiyo maana mwishoni unalia, unajishangaa unalia kwa ajili ya nini.

Basi watoto wako wana hoja. Lakini kuna shimo, na shimo hilo ni kubwa.

Mtafika kwenye ubeti wa tatu, kama hamjafika. Mzuka wa Krismasi ya Sasa, lile pande la mtu lenye mwenge, linakaribia mwisho wa usiku wake, na Scrooge anaona kitu kama ukucha kikichungulia chini ya joho lake. Wanatoka watoto wawili, wamekonda, wamekunja nyuso, wana matambara. Scrooge anauliza kama ni wake. Anajibiwa kuwa ni wa wanadamu. Mvulana ni Ujinga, msichana ni Uhitaji, jihadhari na wote wawili, lakini zaidi na huyu mvulana. Sisi tuliolelewa kwenye wimbo wa maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, hatuhitaji maelezo marefu hapo. Scrooge anauliza kama hawana pa kukimbilia, na mzuka anamrudishia maneno yake mwenyewe ya ubeti wa kwanza, alipowafukuza wachangishaji: kwani hakuna magereza? Hakuna nyumba za kazi, zile walikowekwa maskini wafanyishwe kazi?

Huo ndio moyo wa kitabu, na nasema hivyo kwa sababu ndiko kilikotoka. Mapema 1843 Dickens alisoma ripoti ya serikali kuhusu ajira ya watoto migodini na viwandani, akataka kuandika kijitabu cha kuwatetea watoto wa maskini. Septemba alitembelea shule ya watoto wa mitaani pale Field Lane, London. Oktoba akahutubia Manchester juu ya elimu ya wafanyakazi. Kijitabu hakikuandikwa, akaandika hadithi, kwa wiki sita hivi. Na yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mtoto huyo: mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa madeni, naye alipelekwa kubandika lebo kwenye chupa za rangi ya viatu. (Kichekesho kichungu: kitabu kiliuzwa shilingi 5, na Bob Cratchit analipwa shilingi 15 kwa wiki. Karani angetoa theluthi ya mshahara wa wiki ili asome habari zake mwenyewe.)

Filamu ya Muppets imewaacha nje watoto hao wawili. Disney walikuwa wamewaacha nje pia kwenye katuni yao fupi ya 1983 ya Mickey. Studio ya MGM nayo mwaka 1938 waliwatoa, wakamtoa na Belle, yule mchumba aliyemwacha Scrooge, wakatoa na wale wezi wanaouza mapazia ya marehemu. Hiyo ya 1938 usihangaike nayo. Humo Bob anafukuzwa kazi kwa sababu ya donge la theluji lililoangusha kofia ya bosi, kisha anatoka kwenda kununua vyakula akichekelea. Umaskini wa aina hiyo sijawahi kuuona.

Sasa mzee wako na 1951 yake. Wamo. Na si hao tu. Filamu hiyo, Uingereza iliitwa "Scrooge", iliongozwa na Brian Desmond Hurst, ikaandikwa na Noel Langley, na anayeibeba ni Alastair Sim. Lakini mumeo akikwambia ni nakala ya kitabu, mkatalie. Ndiyo yenye mambo mengi ya kubuni kuliko nyingi ninazozipenda.

Kitabu hakisemi hasa kwa nini Scrooge akawa mkono wa birika. Kinatuonyesha mtoto aliyeachwa peke yake shuleni wakati wa likizo, dada yake Fan akija kumchukua, kijana mwenye furaha kwa bosi wake Fezziwig, kisha ghafla mwanamume mbele ya Belle, na Belle anamwambia kuna sanamu nyingine aliyoiweka mahali pake, sanamu ya dhahabu. Kati ya hapo na hapo, kimya. Langley akaona kimya hicho hakivumiliki, akakijaza. Kwake yeye, mama yake Scrooge alikufa akimzaa, na baba hakumsamehe. Fan naye anakufa akimzaa Fred, na Scrooge hamsamehi Fred. Kitanda cha Fan tunakiona: kijana Scrooge anatoka chumbani kabla dada hajamaliza kusema, na mzee Scrooge, akiwa na mzuka, anabaki na kuyasikia maneno yaliyompita miaka yote, kwamba amtunze mwanawe. Ni uzushi mtupu. Tena unagongana na Dickens, kwani kitabuni Fan ni mdogo kwa Scrooge, sasa mama angekufaje kwa Scrooge kisha akamzaa Fan? Hata hivyo nimeshindwa kuuchukia. Kile ambacho kitabu hukifanya kwa sauti ya msimulizi, kutusogeza karibu na mzee huyu mpaka tumwonee huruma kabla hajastahili, Langley amekifanya kwa kisa. Amemfukuza mzee wa baraza lakini amelipa fidia.

Kuna na kisa kingine alichokibuni, kifupi. Mfanyakazi wa Marley anakuja ofisini kusema Marley anakata roho. Scrooge anatazama saa. Muda wa kufunga haujafika. Anaenda baada ya kufunga. Basi. Dickens angetamani angekiandika yeye.

Na Sim mwenyewe! Waigizaji wengi wanamweza Scrooge wa jioni ya kwanza, kwa kuwa ukali ni rahisi. Kazi iko asubuhi ya Krismasi. Sim anaamka akiwa kama mtu aliyepigwa na mwanga, anacheka hovyo, anakiri hajui kitu na hajawahi kujua kitu, anataka kusimama kwa kichwa, na mtumishi wake wa usafi anajifunika uso kwa aproni na kukimbia akipiga kelele. Huyo mama anaogopa furaha ya bosi wake kuliko alivyoogopa ukali wake. Baadaye Scrooge anakwenda kwa Fred, anasita mlangoni mwa sebule, na binti wa kazi, asiyesema neno, anamtazama kumpa moyo aingie. Mama mkwe wako hatahitaji tafsiri hapo.

Ukitaka kuona uzito wa filamu hiyo, tazama ya 1984. Clive Donner aliyeiongoza ndiye aliyekuwa mhariri wa ile ya 1951, aliyekata na kuunga mkanda wa Sim akiwa kijana. Miaka 33 baadaye akapata zamu yake, na badala ya kumwiga Sim akamchukua George C. Scott, jibaba la Kimarekani lenye sauti ya kokoto. Scrooge wa Scott si mzee wa kunung'unika. Ni mfanyabiashara anayejua hesabu zake, tunamkuta kwenye soko la biashara akipandisha bei ya nafaka huku wanunuzi wakisaga meno. Upuuzi wa Krismasi unamchekesha, haumkasirishi. Kwa hiyo kumwinamisha ni kazi zaidi, na mizuka wanahangaika naye kwelikweli. Ujinga na Uhitaji wamo, na baada yao anaachwa peke yake kwenye baridi, akiwa ameona familia zisizo na makazi zikiota moto, anauliza amefanya nini hata atelekezwe hivi. Kwangu mimi hakuna filamu iliyoshika siasa ya kitabu kama hii. Ilipigwa mjini Shrewsbury, na jiwe la kaburi la Scrooge waliliacha palepale kwenye uwanja wa kanisa la St Chad, likawa kivutio cha watalii. Mwaka 2024 wahuni wakalivunja.

Nyingine nipite haraka. Albert Finney, 1970, ni ya nyimbo, ana miaka 34 ndani ya madevu ya mzee, na anapelekwa mpaka jehanamu, jambo ambalo Dickens hakuliomba. Patrick Stewart, 1999, ni nzuri, inaanza kwenye mazishi ya Marley, ila imetulia mno kwa usingizi wa saa nne usiku. Ile ya BBC ya 2019 yenye Guy Pearce usiifungue mbele ya watoto kabisa. Imejaa unyanyasaji, na imeundwa kwa ajili ya watu wazima waliochoka kumwamini Scrooge.

Mbili fupi nakusihi. Ya kwanza ni ya 1901, ya Walter Booth, mzee kuliko filamu zote za hadithi hii zilizosalia. Kilichobaki ni dakika tatu na nusu hivi. Uso wa Marley unatokea kwenye kigongeo cha mlango kwa hila ya kupiga picha juu ya picha, na Marley ndiye anayefanya kazi za mizuka wote, pengine kwa kubana matumizi. Watoto watacheka, kisha mkubwa atauliza walifanyaje. Ya pili ni katuni ya Richard Williams ya 1971, dakika 25, iliyochorwa kama michoro ya vitabu vya zama zile. Sim alirudi kutoa sauti ya Scrooge, na Michael Hordern, Marley wa 1951, akarudi kuwa Marley. Ilishinda Oscar. Watoto wa chini ya joho wamo, na wanatisha, kwa hiyo mdogo wako asiione akiwa peke yake.

Basi ratiba yangu ni hii. Jioni ya tarehe 24 wekeni ya Muppets, watu wote, na wewe usijaribu kutafsiri kila neno. Mpe mama mkwe maneno ya Gonzo tu, kwa mtindo wako, tia chumvi. Mzuka wa Krismasi ya Sasa anapoanza kuzeeka na kuaga, simamisha. Fungua kitabu, soma ukurasa ule wa Ujinga na Uhitaji kwa sauti, wa miaka 13 asome maneno ya mzuka kama yuko tayari. Kisha endeleeni. Shimo litakuwa limezibwa, na limezibwa kwa kitabu chenyewe. Watoto wakishalala, wewe na mzee wako, na mama kama bado macho, mwangalie ya 1951. Ipo iliyotiwa rangi baadaye. Iacheni, vivuli ndivyo vilivyofanya nusu ya kazi.

Jambo moja la kukagua mapema. Ya Muppets ina nakala mbili. Belle anapomwacha Scrooge huimba wimbo wa huzuni, "When Love Is Gone", na huo ulikatwa kabla filamu haijafika kwenye sinema 1992, kwa maelezo kwamba watoto wadogo wangechoka. Tatizo ni kwamba wimbo wa mwisho wa filamu unaujibu huo, kwa sauti ile ile, na usipousikia wa kwanza, wa mwisho unakuwa jibu lisilo na swali. Disney+ waliurudisha Desemba 2022, nadhani ni kwenye sehemu ya nyongeza, kwa hiyo chungulia kabla wageni hawajakaa. Na ukiwekwa, wale wa 1992 hawakuwa wamekosea sana kuhusu watoto: wako wa miaka 8 ataanza kuuliza Kermit anarudi lini. Muwekee maandazi karibu.